Sukari ya mama mjamzito na unene wa mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu, wodini hupigwa vigelegele. Bibi anamwinua, anamwita kibonge wake, na picha inaingia kwenye kundi la ukoo kabla mama hajamaliza kunywa uji. Na mimi hupongeza, maana furaha ya uzazi haikatizwi. Lakini jicho langu huwa limeshakimbilia kadi ya kliniki kutafuta jambo moja: mama huyu alipimwa sukari? Mara nyingi sioni kitu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo akina mama wanayoniuliza, wengine kwa sauti mbele ya wenzao, wengine wakingoja benchi libaki tupu kwanza.

Sukari yangu inamfikiaje mtoto aliye tumboni?

Kupitia kondo la nyuma. Damu yako na damu ya mtoto hazichanganyiki, kila moja inapita upande wake, ila ukuta unaozitenga ni mwembamba na una milango ya kupitisha glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Glukosi hutoka penye wingi ikaenda penye uchache, kama maji yanavyofuata mteremko. Ikipanda kwako, inapanda na kwake. Insulini yako, homoni inayoishughulikia sukari hiyo, haivuki. Kisa chote kinaanzia hapo.

Mtoto anapokea sukari ya mama bila kupokea kitu cha kuishughulikia. Kongosho lake, ambalo huanza kutengeneza insulini mimba ikikaribia miezi mitatu, linalazimika kutoa insulini nyingi kuliko ya umri wake. Na kwa mtoto aliye tumboni insulini ni homoni ya kukuza. Inatanua ini, inanenepesha moyo, na sukari iliyozidi inaigeuza mafuta yanayokaa tumboni na mabegani. Ndiyo maana mtoto wa namna hii anaweza kuwa na mabega mapana kuliko kichwa: kichwa kinatoka, bega linakwama. Mkunga aliyewahi kukutana na bega lililokwama hazisahau dakika zile.

Kisha kitovu kinakatwa. Sukari ya mama inakoma papo hapo, lakini insulini ya mtoto bado imejaa, na ndani ya saa chache sukari yake inaweza kushuka mno. Mtoto mkubwa, mzuri, anatetemeka au analegea, hataki kunyonya. Watu wanadhani amechoka.

Kisukari cha mimba ni kile kile cha mjomba wangu?

Ni ndugu yake. Kuanzia katikati ya mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama ipungue nguvu, kusudi mtoto asikose chakula. Wengi kongosho lao huongeza kazi na mambo yanakwenda. Likishindwa kuongeza, sukari inabaki juu. Hicho ndicho kisukari cha mimba, na kwa kawaida hutulia kondo likishatoka. Kuna wanawake wengine ambao sukari yao ilikuwa juu hata kabla ya mimba na hawakujua. Kliniki ndiyo imewafumania.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto takriban milioni 21 walizaliwa na mama waliokuwa na sukari ya juu, yaani karibu mtoto 1 kati ya 6 duniani. Wengi wa mama hao walikuwa na kisukari cha mimba, si kisukari cha kudumu.

Nani aligundua kwamba unene wa mtoto unaweza kuanzia tumboni?

Sehemu ya kwanza ya jibu iko Copenhagen. Daktari Jørgen Pedersen, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza wazo ambalo mpaka leo linabeba jina lake: sukari ya mama huleta sukari kwa mtoto, sukari huleta insulini, insulini huleta mtoto mkubwa. Lakini Pedersen alikuwa anaeleza mtoto anayezaliwa. Je, anayekua?

Hilo lilijibiwa jangwani, Arizona, Marekani, katika jamii ya Wapima, wenyeji asilia wanaoishi kando ya Mto Gila. Wapima walikuwa wakulima wa umwagiliaji tangu zama na zama. Maji ya mto wao yalipochukuliwa na walowezi, kilimo kikafa, chakula chao kikawa unga mweupe, mafuta na sukari ya msaada. Baadaye wakawa miongoni mwa watu wenye kisukari kingi kuliko wote duniani. Kuanzia mwaka 1965 watafiti waliwapima mara kwa mara, wajawazito wakiwemo, na watoto wao wakafuatiliwa hadi utu uzima. (Huwa nasikitika kidogo kuisoma habari yao: dunia imejifunza mengi kutoka miili yao kuliko ilivyowarudishia.)

Mwaka 1983 matokeo yalichapishwa. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 19 ambao mama zao walikuwa na kisukari wakati wa mimba, 58 katika kila 100 walikuwa na uzito unaozidi ule unaowafaa kwa asilimia 40 au zaidi. Kwa vijana ambao mama zao hawakuwa na kisukari, walikuwa 17 katika 100.

Si ni urithi tu? Kwetu wote ni wanene.

Swali zuri, na watafiti nao walijiuliza hivyo hivyo. Mama mwenye kisukari humpa mtoto damu ya ukoo wake na pia humpa mazingira ya tumbo lake. Utatenganishaje?

Walichofanya ni kutafuta ndugu wa tumbo moja. Fikiria mama aliyezaa mtoto wa kwanza kabla hajapata kisukari, na wa tatu baada ya kukipata. Ukoo ni ule ule, jiko ni lile lile, sufuria ni moja. Kilichobadilika ni sukari iliyokuwa ikipita kwenye kondo. Utafiti wa mwaka 2000 kwa familia za Wapima ulikuta kwamba ndugu waliozaliwa baada ya mama kupata kisukari walikuwa wanene kuliko kaka na dada zao waliotangulia: uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa juu kwa pointi 2.6 kwa wastani. Na uwezekano wao wa kupata kisukari wenyewe ulikuwa mara 3.7.

Kwa hiyo urithi upo, sikatai. Ila juu ya urithi kuna kitu kingine kimewekwa.

Na sukari ya baba je?

Watafiti wale wale walilinganisha watoto waliozaliwa kabla na baada ya baba kugunduliwa na kisukari. Hakukuwa na tofauti ya maana. Baba anachangia damu ya ukoo, tabia ya nyumbani na, niongeze mimi, nani anayeleta soda jioni. Lakini hana kondo.

Sukari yangu imezidi kidogo tu. Kidogo nacho kina madhara?

Kwa muda mrefu hata madaktari walidhani kuna mstari: chini yake salama, juu yake hatari. Utafiti uliouvunja mstari huo unajulikana kwa kifupi kama HAPO. Ulihusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika vituo 15 vya nchi 9, kuanzia Chicago na Belfast hadi Bangkok na Barbados, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Bara la Afrika halikuwa na kituo hata kimoja, jambo la kukumbuka kila tunaposoma viwango vya kimataifa.

Wanawake wote walipewa kipimo cha kunywa glukosi, lakini majibu yalifichwa, wao na madaktari wao wasijue, isipokuwa pale sukari ilipokuwa juu kiasi cha kutia hatari. Hapo ndipo palipoonekana sura halisi ya sukari isiyotibiwa. Hakukuwa na mstari. Kadiri sukari ilivyopanda, hata ndani ya kiwango kilichoitwa cha kawaida, ndivyo watoto wakubwa walivyoongezeka. Kwa mama ambao sukari yao kabla ya kula ilikuwa ya chini kabisa, watoto wakubwa kupita kiasi walikuwa 5 katika 100. Kwa wale wa kundi la juu kabisa walikuwa 26.

Kwa hiyo ukiambiwa sukari yako "imegusa tu," usilie na usipuuze.

Watoto hao walipokua ilikuwaje?

Watoto zaidi ya 4,800 wa HAPO waliitwa tena wakiwa na miaka 10 hadi 14. Safari hii waliangaliwa kwa kina: uzito, kiuno, unene wa ngozi iliyobanwa kwa koleo, hata kiasi cha mafuta mwilini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Watoto ambao mama zao wangehesabiwa kuwa na kisukari cha mimba kwa viwango vya leo, 19 katika 100 walikuwa na unene uliokithiri. Wengine walikuwa karibu 10 katika 100.

Nawasihi msiusome mstari huo kwa haraka, maana una pande mbili. Upande wa kwanza: uwezekano unakaribia kuwa maradufu, na haukufutika hata walipoondoa mchango wa unene wa mama mwenyewe. Upande wa pili: watoto 81 katika 100 wa mama wenye kisukari cha mimba hawakuwa na unene uliokithiri. Tena walipojumlisha pamoja watoto wenye uzito uliozidi kidogo na wenye unene uliokithiri, kisha wakaondoa mchango wa unene wa mama, tofauti ilisinyaa ikakaribia kutoonekana. Unene wa mama kabla ya mimba una nguvu kubwa katika habari hii, pengine kubwa kuliko sukari yenyewe.

Nikitibiwa vizuri, mtoto wangu hatakuwa mnene?

Hapa lazima niseme ukweli ambao mabango ya kliniki huuruka.

Tiba inamsaidia mtoto wakati wa kuzaliwa, hilo halina ubishi. Australia walifanya utafiti wa wanawake 1,000 wenye kisukari cha mimba, uliochapishwa mwaka 2005. Nusu walipewa ushauri wa chakula, vipimo na insulini ilipohitajika. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida. Madhara makubwa kwa watoto, kama kifo, bega kukwama au mfupa kuvunjika, yalipungua kutoka 4 katika 100 hadi 1.

Baadaye baadhi ya watoto hao walipimwa wakiwa na miaka minne na mitano. Walipozaliwa, wale ambao mama zao walitibiwa walikuwa na wakubwa 5 tu katika 100, na wengine 22. Tofauti kubwa mno! Lakini kwenye umri wa chekechea uzito wao ulikuwa umelingana. Marekani nao walifuatilia watoto 500 wa utafiti unaofanana na huo, wakiwa na miaka 5 hadi 10. Wanene walikuwa takriban 21 katika 100 upande wa waliotibiwa na 23 upande wa pili. Hakuna tofauti ya kuhesabika.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2007, wa watoto zaidi ya 9,000 wa Marekani, uliokuta kwamba mama waliotibiwa watoto wao hawakuwa wanene kuliko wengine. Huo ulitazama tu yaliyotokea, haukuwagawa wanawake kwa bahati nasibu, na mwanamke anayefuata tiba huenda ndiye anayepika vizuri pia nyumbani. Siutupi, lakini siuegemei.

Maoni yangu: pengine tiba inaanza tukiwa tumechelewa. Tunapima wiki ya 24 hadi 28, wakati kongosho la mtoto limeshafanya kazi wiki kadhaa. Pengine pia unene wa kurithishwa tumboni hujificha utotoni ukajitokeza kwenye balehe. Kwa Wapima tofauti ilikuwa wazi zaidi kadiri watoto walivyokua. Na pengine miaka mitano ya biskuti na juisi za pakiti inatosha kufuta faida ya miezi mitatu ya mama kujinyima. Tibiwa kwa ajili ya uzazi salama. Unene wa baadaye una vita yake.

Kliniki wananipima mkojo kila mara. Haitoshi?

Haitoshi. Mjamzito anaweza kuwa na sukari kwenye mkojo huku damu yake iko sawa, kwa sababu figo katika mimba huvujisha. Na anaweza kuwa na mkojo safi huku damu imepanda. Kuchomwa kidole muda wowote nako, kama hakujaonyesha kitu, hakukuhakikishii usalama.

Kipimo chenyewe ni hiki: unakwenda asubuhi bila kula chochote tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, ni kisukari cha mimba ikiwa sukari kabla ya kunywa ni 5.1 au zaidi, au saa moja baadaye ni 10.0 au zaidi, au saa mbili baadaye ni 8.5 au zaidi, kwa milimoli kwa lita. Moja tu kati ya hizo inatosha. Ikifika 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho kinahesabiwa kisukari kamili kilichokutwa ndani ya mimba.

Vile vinywaji ni vitamu vya kuchefua, wengine hutapika. Nenda na limau la kunusa na mtu wa kupiga naye soga, maana ukizungukazunguka majibu yanaweza kuharibika.

Kama kituo chako hakina kipimo kamili, omba angalau sukari ya asubuhi kabla ya kula. Na usisubiri wiki ya 24 ikiwa ulishawahi kuzaa mtoto wa kilo nne au zaidi, ulishawahi kuwa na kisukari cha mimba, wewe ni mnene, au mzazi au ndugu wa tumbo moja ana kisukari. Taja mambo hayo mwenyewe kwa muuguzi, usingoje aulize. Foleni ni ndefu na yeye ni mmoja.

Niache ugali?

Hapana. Punguza bonge, ongeza mboga. Mchicha, kisamvu au sukuma wiki uchukue nusu ya sahani, ugali au wali robo, maharage, dagaa, samaki au yai robo iliyobaki. Dona ni bora kuliko sembe, na ndizi mbichi za kupika ni bora kuliko mkate mweupe. Usishinde na njaa ukidhani unashusha sukari. Mjamzito akikosa chakula mwili huanza kuchoma mafuta kwa fujo, nalo halimfai mtoto.

Asubuhi ndiyo saa ngumu zaidi, kwa sababu homoni za alfajiri huipunguzia insulini nguvu. Na ndipo tunapokunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na chapati mbili au maandazi! Kama utabadilisha kitu kimoja tu katika siku nzima, badilisha hapo: chai isiyo na sukari, yai, kipande cha kiazi kitamu, parachichi.

Uji wa lishe unahitaji neno lake. Unga uliosagwa laini wa nafaka nyingi, ukachemshwa mwepesi, ukatiwa sukari, huingia kwenye damu upesi karibu kama soda. Upike mzito, utie maziwa au karanga, sukari iache dukani.

Matunda kula, ila kula tunda zima. Embe moja ni embe moja. Glasi ya juisi ya embe ni maembe mawili matatu bila nyuzinyuzi zake. Juisi ya miwa achana nayo kabisa mpaka ujifungue. Na baada ya chakula tembea, hata dakika kumi na tano kuzunguka nyumba. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila kungoja insulini.

Lakini si nakula kwa ajili ya watu wawili?

Mmoja wa watu hao ana gramu mia chache. Miezi mitatu ya kwanza hakuna haja ya nyongeza yoyote ya maana. Katikati ya mimba nyongeza ni takriban kilokalori 340 kwa siku, kitu kama yai, glasi ya maziwa na kipande cha kiazi. Mwenye uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliyekuwa mnene tangu mwanzo, kilo 5 hadi 9.

Sina kisukari. Soda moja kwa siku ina ubaya gani?

Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Kuna habari ya kuvutia kutoka Uingereza: baada ya Vita Kuu ya Pili, sukari iliendelea kutolewa kwa mgao hadi Septemba 1953, takriban gramu 40 kwa mtu mzima kwa siku. Mgao ulipoondolewa, ulaji ukapanda karibu maradufu. Watafiti walilinganisha watu waliotungwa mimba kabla na baada ya mwezi huo, na mwaka 2024 wakaeleza kwamba waliokulia tumboni na miaka ya mwanzo chini ya mgao walipata kisukari ukubwani pungufu kwa takriban asilimia 35. Hakuna aliyewapima mama hao damu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni sukari ya damu iliyofanya kazi. Lakini mgao wao mzima wa siku ndio hiyo soda yako moja.

Ramadhani nifunge?

Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama, si siku ya tatu ya mfungo. Kwa mwenye kisukari cha mimba, hasa anayetumia insulini, kufunga ni hatari ya sukari kushuka mchana na kupaa usiku. Sheria inampa mjamzito ruhusa ya kutofunga anapohofia afya yake au ya mtoto, na shehe wako atakueleza namna ya kulipa. Asiyefunga naye aangalie meza ya futari: tambi za sukari, kaimati, muhogo wa nazi na juisi ya ukwaju kwa mkupuo mmoja ni mzigo hata kwa kongosho zima. Tende moja ya kufungulia inatosha.

Nimeandikiwa insulini. Itamfikia mtoto?

Insulini haivuki kondo la nyuma. Ndiyo sababu imekuwa tiba ya kutegemewa miaka yote. Metformini, yaani vidonge vya kushusha sukari, inavuka. Utafiti mkubwa wa Australia na New Zealand, uliochapishwa mwaka 2008, uliona kwamba wakati wa kuzaliwa metformini haikuleta madhara zaidi ya insulini, ingawa karibu nusu ya wanawake walihitaji kuongezewa insulini. Watoto hao bado wanajadiliwa: sehemu yao walionekana wakubwa kidogo utotoni. Ukiandikiwa metformini kwa sababu insulini haipatikani au huna friji ya kuitunzia, itumie. Sukari iliyoachwa juu ni mbaya zaidi. Usiache dawa kwa kusikia maneno ya saluni.

Mimi ni mwembamba. Hii hainihusu, au siyo?

Inakuhusu. Wembamba hupata kisukari cha mimba pia. Na mwili wa mtoto unaweza kuelekezwa kwenye unene kwa njia iliyo kinyume: njaa. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Wajerumani waliizingira sehemu ya Uholanzi, watu wakala mizizi ya maua. Vijana wa kiume waliokuwa tumboni wakati huo, miezi ya mwanzo ya mimba, walipopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19 walikutwa na unene mwingi kuliko wenzao.

Kwetu vyote viwili vinaishi mtaa mmoja. Tanzania, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 11 katika 100 kwenye utafiti wa afya wa 1991-92. Ule wa 2015-16 ulikuta 28. Kenya mwaka 2014 walikuwa 33. Binti aliyezaliwa kijijini mwaka wa ukame akiwa na kilo mbili ndiye huyo anayebeba mimba mjini leo, anapanda bodaboda kwenda kazini na kula chipsi mayai jioni. Mwili wake uliandaliwa kwa uchache, ukakuta wingi.

Mtoto wangu ameshazaliwa na kilo 4.6. Nimeshamharibu?

Hapana, na neno hilo naomba tusilitumie. Hukuchagua homoni za kondo lako.

Saa za kwanza: anyonye ndani ya saa moja, na apimwe sukari hata kama anaonekana mzima. Asipewe maji ya glukosi kwa kubahatisha. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake. Tafiti nyingi zimeona watoto walionyonya wakiwa na unene mdogo kuliko wenzao baadaye, ingawa si rahisi kujua ni maziwa yenyewe au ni nyumba za wanaonyonyesha. Nyonyesha tu, unamsaidia yeye na unajisaidia mwenyewe.

Kisha endelea kwenda kliniki ya kupima uzito. Sisi tumefundishwa kuogopa mstari wa kadi unaoshuka. Hakuna anayetuambia kuhusu ule unaopaa. Mtoto aliyezaliwa mkubwa mara nyingi hutulia mwaka wa kwanza, na hapo bibi huanza kulalamika kwamba amekonda. Hajakonda. Muulize muuguzi akuonyeshe uzito kwa urefu, maana uzito peke yake hausemi mengi. Kabla ya miaka miwili hana haja ya sukari kwenye uji wala juisi kwenye chupa. Akianza shule, maji kwenye mkoba wake, mpira uwanjani, usingizi wa kutosha na televisheni yenye saa zake.

Mama mkwe anasema mtoto mnene ndiye mwenye afya.

Mama mkwe aliyaona maradhi ya utapiamlo na surua kwa macho yake. Kwa wakati wake, mtoto mwenye akiba ya mafuta ndiye aliyepona. Usimbishie mbele ya watu. Mwambie, "Mama, kliniki wameniambia apimwe na urefu," na umwombe awasindikize siku hiyo. Nimeona bibi wengi wakigeuka kuwa walinzi wakali wa bakuli la sukari kuliko mama mwenyewe.

Sukari ilirudi kawaida baada ya kujifungua. Nimemaliza?

Bado. Rudi upimwe wiki ya 6 hadi ya 12, kwa kile kipimo cha kunywa glukosi. Wengi hawarudi, siku hiyo wanampeleka mtoto chanjo na wao wanasahaulika. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu karibu mara kumi kuliko asiyekipata. Baada ya hapo pima kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Mimba ijayo itakuwaje?

Kisukari cha mimba hupenda kurudi. Kwa hiyo kabla hujatoa kijiti au kuacha sindano ya uzazi wa mpango, pima sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kama uzito umepanda tangu mimba iliyopita jipe miezi kadhaa ya kuupunguza. Ukishika mimba, anza kliniki mapema na mwambie muuguzi siku ile ile ya kwanza, kabla hajafungua kadi mpya: mara ya mwisho nilikuwa na sukari.